Matufe Yaliyopitia Kobero

Jumapili, 9 Februari. Gitega

Leo nimetajwa! Naandika hilo kwanza, maana yaliyofuata yote yamenichefua.

Klabu yetu ya petanki, mchezo wa matufe ya chuma, ilikutana kiwanjani nyuma ya soko, mvua ya rasharasha ikitulowesha, na Alhaji Houssein, mwenyekiti wetu, akasoma majina ya watatu watakaocheza kwa niaba ya Gitega kule Muyinga mwezi wa tano. Husni, mwanawe. Anisia wa Nyarusange. Na Swabra, yaani mimi, fundi cherehani, niliyejifunza kurusha tufe la chuma kwa kuwatazama wanaume kupitia dirisha la kibanda changu. Anisia alinikumbatia mpaka mgongo ukalia.

Kumbe furaha ilikuwa na miguu mifupi. Muyinga hawakubali matufe ya kuazima. Kila mchezaji aje na yake, ya mashindano, yenye namba zilizochongwa kwenye chuma. Mimi siku zote naazima ya Husni. Na duka linalouza vitu hivyo hapa Gitega ni moja tu, la huyo huyo Alhaji Houssein. Nikamfuata pale pale.

"Alhaji, naja dukani unipime mkono."

"Mi sipimi mkono ya mwanamke, Mama Nadia. Unajua. Nitakuangalia na macho tu, nikupatie zile ndogo za rangi."

Zile ndogo za rangi ni za watoto na wageni wa hoteli! Zimejazwa mchanga ndani. Muyinga watazitoa nje kabla sijafungua mkoba.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua. Sare za shule. Bado nina hasira.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda dukani hata hivyo.

Nimekuta anampima mwanaume mmoja. Namna yake ni hii: anashika mkono wa mteja, anaugeuza kiganja chini, anamwekea tufe, halafu anapitisha kidole gumba pembezoni kuona vidole vimefunga wapi. Anajaribu moja, mbili, tatu, mpaka mteja mwenyewe anatabasamu. Kusema kweli inapendeza kumwangalia. Mimi nilisimama kando kama niliyekuja kuomba maji.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia basi asinishike, aniagizie tu seti ya saizi ndogo kutoka Bujumbura.

"Nilete, halafu? We ukichoka mchezo, mi nitamuuzia nani? Anisia iko na yake tayari. Mwanamke wa pili iko wapi?" Akakunja kitambaa chake cha kung'arishia. "Sikia, mama. Mwanamke anasogeza, mwanaume anapiga. Za kusogeza, hizi ndogo iko bien, inatosha."

Nieleze, nisije nikasahau nikizeeka. Kusogeza ni kulivingirisha tufe taratibu likae karibu na kile kigololi cha mbao. Wafaransa wanakiita mwana wa nguruwe, Alhaji amelipiga marufuku jina hilo kiwanjani, kwa hiyo Gitega nzima tunasema Kadogo. Kupiga ni kulirusha tufe lako juu likaling'oe la mpinzani lililokaa karibu na Kadogo. Kupiga ndiko watu wanakokuja kutazama.

Yasmina, binti yake anayekaa kaunta, hakuinua macho muda wote. Lakini nilipokuwa natoka alinong'ona, akiniita shangazi kwa Kifaransa chake, "Usikubali, tanti."

Nani kasema nitakubali?

Jumatatu, 17 Februari

Haya sasa! Alhaji ameagiza jezi za timu. Kwenye simu! Kutoka huko ng'ambo, zikiwa zimeandikwa majina mgongoni. Mimi ndiye niliyeshona mashati ya klabu hii tangu ilipoanzishwa, na cherehani yangu iko hatua chache tu kutoka dukani kwake.

Nilimuuliza mbele za watu, "Na fundi wako je, Alhaji?"

"Mama Nadia, dunia sasa iko kwenye telefone."

Vizuri. Nimekusikia, Alhaji, na watu wote wamekusikia. Nimetoka pale nikampigia Anisia.

Jumanne, 18 Februari

Anisia amekuja na mtindi na udongo wa shamba bado uko kwenye viatu vyake. Amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Nyarusange akiwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake mpaka leo kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Dada Swabra, tusilie. Tutaagiza mtandaoni. Kuna Simoni, tulikuwa jirani kambini, sasa anaishi Kabanga, ng'ambo tu ya mpaka. Mzigo utafika kwake, naye atauleta Kobero, mpakani upande wetu."

Tukakaa na simu yake mchana kutwa. Matufe ya kila namna! Meusi, meupe, yenye mistari. Tukachagua yenye mistari miwili. Wakauliza urefu wa mkono, toka ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye mkunjo wa kiganja, ili wachague saizi. Futi ya kitambaa ilikuwa shingoni mwangu kama kawaida. Nikapima, nikamtajia namba, Anisia akaandika, tukatuma.

Nimejipima mwenyewe, sikumngoja mtu. Raha iliyoje.

Jumanne, 4 Machi

Mfungo. Mvua haipumziki. Amissi, mume wangu, amepata la kunitania: "Mke wangu akienda sokoni nyanya anazibonyeza moja moja. Matufe kayanunua hajayaona hata kivuli!"

Sikumjibu kwa kuwa nimefunga.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeona jambo ambalo sikutaka kuliona. Mvua ya jana imesomba changarawe yote ya kiwanja, na leo Alhaji mwenyewe, kanzu ameipandisha magotini, alikuwa anasukuma toroli na kumwaga nyingine. Husni alikuwa anasawazisha kwa reki. Nilimuuliza Amissi nani ananunua changarawe. Akasema ni duka, kila masika, wala klabu haijawahi kuambiwa.

Nimekasirika zaidi. Mtu ukiwa na ugomvi naye, si vizuri akufanyie mambo ya namna hiyo.

Alhamisi, 20 Machi

Simoni amepiga simu. Mzigo umefika Kobero lakini umewekwa kando forodhani. Kasha dogo, zito kupita kiasi, na ndani yake kuna mipira ya chuma. Wanataka mwenyewe aje aeleze.

Amissi akasema niache. Nikamwambia niache vipi? Hicho ni chuma changu!

Jumamosi, 22 Machi. Muyinga

Naandika nikiwa kwa shangazi yangu, mtaa wa Waswahili. Miguu inaniuma, tumbo linauma kwa kucheka, na moyo unauma kwa jambo jingine.

Jana nilifika hapa jioni, maana basi lilingoja mafuta nusu ya siku. Asubuhi nikapanda gari la Kobero. Malori yamepanga mstari mpaka hujui yanaishia wapi, wapagazi wanapita na magunia, wabadilisha fedha wanakuita mama kabla hujashuka. Simoni alikuwa ananingoja mlangoni pa forodha, mtu mrefu mwenye haya, akanipeleka kwa afisa.

Afisa alikuwa kijana mpole. Kasha langu lilikuwa mezani, wazi.

"Mama, hivi ni vitu gani?"

"Matufe ya kuchezea."

"Nani anachezea chuma?"

"Mimi."

Alinitazama kuanzia mtandio mpaka kandambili. Sikumlaumu, hata mimi ningeuliza. Nikamwomba aniruhusu nimwonyeshe. Akacheka, akabeba kasha mwenyewe, tukatoka uani. Nikanunua limau kwa muuzaji, nikalitupa mbele, nikasema hilo ndilo Kadogo. Wapagazi wakatua mizigo. Wabadilisha fedha wakasogea. Dereva mmoja akapanda juu ya lori lake aone vizuri.

Nikashika tufe la kwanza, na hapo hapo nikajua. Vidole vyangu havikufunga.

Nikasogeza hata hivyo. Likaponyoka, likaenda kugonga gurudumu la lori. La pili likapita limau na kusimama kwenye dimbwi. Watu walicheka, we! Mmoja akasema, "Mama, huo mchezo unaujua kweli, ao unaubahatisha?"

Njaa ya mfungo, aibu, safari yote ile. Hasira ilinipanda. Nikachukua la tatu, nikaachana na limau, nikaachana na kusogeza. Nikalitazama lile la kwanza pale kwenye gurudumu, nikarusha juu kwa mkono wote.

Paa!

La kwanza likaruka likaenda kusimama kwenye kiatu cha afisa. Wapagazi wakapiga kelele kama wamefunga goli la ushindi. Afisa akaliokota, akalipangusa kwa leso yake, akanirudishia. "Sawa, mama. Ni mchezo." Nikalipa ushuru wangu, akapiga muhuri.

Mpaka shangazi alipoleta uji wa kufuturu nilikuwa bado nacheka. Kisha nikayashika tena matufe, na kicheko kikaisha.

Jumatatu, 24 Machi. Gitega

Nimepata jibu, na sitamwambia mtu.

Nimepima mkono wangu upya. Namba iliyotoka si ile niliyomtajia Anisia. Nilikaa nayo nikiwaza, mpaka mteja alipoingia nikampima kiuno, na mkono wangu wenyewe ukaandika namba kubwa kuliko ile ya kwenye futi. Ya kushonea! Sijawahi kuandika kipimo cha mtu bila kuongeza nafasi ya mshono. Nimeuongezea mkono wangu nafasi ya mshono, jamani. Nani anashona mkono?

Kuyarudisha haiwezekani, safari yake ni ndefu kuliko masika yaliyobaki.

Amissi akauliza, "Yanakutosha?"

Nikasema, "Yananitosha sawasawa."

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita. Kila alfajiri baada ya swala niko uani kwangu, kwenye tope. Kusogeza kumenishinda kabisa, tufe linateleza kabla sijaliachia. Lakini nikirusha juu, kiganja kikiwa wazi, ukubwa wake hauniudhi. Linaruka, na kwa kuwa ni pana halikosi kirahisi.

Yasmina amekuja kupima gauni. Jana pia alikuja, na gauni ni lile lile. Leo alivua viatu akaniomba tufe moja. Alikosa, akakosa, akapata, akaziba mdomo kwa mkono asipige kelele.

"Baba asijue, tanti."

"Asijue nini? Umekuja kupima gauni."

Jumapili, 13 Aprili

Leo ilikuwa siku yangu ya kufukuzwa.

Klabu nzima kiwanjani. Nikatoa matufe yangu yenye mistari, watu wakasogea. Husni akauliza yametoka wapi, nikasema kwenye telefone, dunia iko huko. Alhaji akachukua moja, akalizungusha, akatazama namba iliyochongwa, kisha akautazama mkono wangu kwa mbali. Akanirudishia.

"Bon. Sogeza tuone."

Nikasogeza. Likapita. Nikasogeza tena, likaenda pembeni kabisa. Athumani, ambaye tangu majina yaliposomwa anaitamani nafasi yangu, akacheka kwa sauti. Alhaji akavua miwani, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

"Mama Nadia, Muyinga siyo mbali sana. Acha Athumani aende safari hii."

Nilihisi machozi yanakuja, nikayakataza.

"Alhaji, ondoa Kadogo. Weka tufe la Husni pale."

"Ya nini?"

"Weka tu."

Akaweka mwenyewe. Nikasimama, nikarusha. Paa! Tufe la Husni likatoka. "Weka tena." Akaweka mbali zaidi. Paa! "Weka tena!" Mara ya tatu nilikosa kidogo, ya nne nikang'oa. Anisia alikuwa anaruka juu chini peke yake. Athumani hakuwa anacheka.

"Mwanamke anasogeza," nikawaambia, "basi Husni asogeze. Mimi napiga."

Husni alikasirika, nami simlaumu, mpigaji alikuwa yeye. Lakini mambo haya hayana huruma, na tufe lake lilikuwa bado linazunguka kwenye tope. Alhaji akavaa miwani. "Jina linabaki," akasema, akaondoka kwenda dukani.

Nimelia baadaye, nyumbani, kwa furaha, na nimemwambia Amissi ni vitunguu.

Jumamosi, 26 Aprili

Jezi za Alhaji zimefika. Yasmina ananiambia hakuna anayezisema pale nyumbani.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa. Alhaji amekuja kibandani kwangu, mwenyewe, na mfuko chini ya mwavuli. Sikusimama. Nilimkaribisha kiti nikaendelea kushona.

"Mama Nadia, jezi imekuja ndogo. Anisia hawezi kuinua mkono. Husni anapumua vibaya."

"Dunia iko kwenye telefone, Alhaji. Zirudishe."

"Hairudishwi."

"Najua."

Akatazama mvua. Kisha akasema polepole, "Kama vile matufe yako."

Cherehani ikasimama.

"Namba iko kwenye chuma, mama. Na mi miaka yote napima wanawake na macho. Siku ile ile niliona. We uliongeza ya kushonea, siyo?"

Uso uliniwaka moto. Nilitaka kukana, lakini mbele ya yule mzee na mfuko wake ulioloa, nikashindwa. "Niliongeza."

"Mi sikuongeza," akasema. "Nilipima mwili yao sawasawa, ya Anisia na macho, nikaandika vile vile. Tufe haitaki nafasi. Nilisahau kama mtu anataka."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini sikutaka kicheko kimalize maneno yangu, kwa hiyo nilijifuta macho nikasema: nitazifumua kando, nitaweka kipande cha kitambaa cha kijani kila upande, na bei yangu ni ile ile aliyoikimbia. Na Muyinga hakuna mtu atakayeniambia nisogeze.

Akakubali yote. Akaongeza kwamba amepiga simu Bujumbura, iko seti ya saizi ya mkono wangu hasa, anaweza kuileta.

"Ilete ukitaka," nikamwambia. "Mimi nina matufe yangu."

Jumapili, 11 Mei. Muyinga

Tumefika fainali. Jezi zetu zenye kijani kando watu wameziuliza tumenunua wapi, na Anisia amewajibu kila mmoja: "Kwa fundi wetu, Gitega, nyuma ya soko."

Fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, anayefika kumi na tatu ndiye mshindi, na tufe moja tu limebaki, langu. La Muyinga liko karibu na Kadogo, mengine mawili yamekaa mbele yake. Halafu nyuma ya kamba nikasikia sauti ninayoijua: "Sogeza, Mama Nadia! Sogeza!"

Ahadi ya Alhaji ya wiki iliyopita ilikuwa imeshamtoka!

Nikarusha. Paa! La Muyinga likatoka hadi kwenye kamba, safi kabisa. Uwanja ukalipuka. Kisha mwamuzi akainama, akapima, akapima tena. Nyuma kulikuwa na la pili la Muyinga, karibu kuliko letu kwa upana wa kidole. Pointi yao. Kombe lao.

Tumeshindwa, basi. Ningerudishwa pale kesho ningepiga tena.

Jumatano, 14 Mei. Gitega

Mvua imekata. Vumbi la kwanza leo.

Nimekwenda dukani. Nilimkuta Athumani anawaeleza wateja kwamba ningesogeza kombe lingekuwa hapa. Kabla sijafungua mdomo, Alhaji akasema kutoka nyuma ya kaunta, "We ulikuwa unaona njia ya kusogeza? Mi nilikuwa nimesimama pale. Nilipiga kelele kwa sababu ya woga. Njia haikuwepo." Athumani akakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Seti ya kutoka Bujumbura ilikuwa imefika, ndani ya kabati la kioo, matufe matatu madogo meupe. Alhaji akayatoa, akayapanga kwenye kitambaa. "Hii ndiyo mkono yako kweli, Mama Nadia. Sitaki unisifu. Shika tu."

Nikashika. Vidole vilifunga. Yalikuwa mazuri, sitadanganya. Nikayarudisha kwenye kitambaa.

"Alhaji, mwezi wa pili uliniuliza ukileta haya utamuuzia nani baadaye. Mwanamke wa pili iko wapi."

"Nilisema."

Nikamtazama Yasmina. Alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Nilidhani atanyamaza, na kama angenyamaza nisingemlazimisha. Akazunguka kaunta, akasimama pale wanaposimama wateja, akanyoosha mkono.

"Baba, nipime."

Mzee aliutazama ule mkono. Mkono huo hana sababu ya kutoushika, ni wa binti yake mwenyewe, aliushika tangu unatambaa. Akaupokea, akaugeuza kiganja chini, akaweka tufe, akapitisha kidole gumba pembezoni taratibu, kama anavyowafanyia wengine wote. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Unasogeza ao unapiga?" akauliza.

"Napiga," akasema Yasmina.